Wakubwa Wachore, Wadogo Wapake Rangi: Maoni Yetu Kuhusu Sanaa za Idd Hapa Bulwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na kila rangi tuionayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi, walezi na wanafunzi wetu wapenzi, tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni zile karatasi za kupaka rangi wanazopewa watoto siku za kuikaribia Idd. Katika madrasa nyingi siku hizi utaratibu ni mmoja. Mtu huchukua picha kwenye intaneti, hutoa kopi mjini, halafu watoto wadogo hugawiwa pamoja na penseli za rangi. Picha zenyewe ni fanusi za Misri, kuba za Uturuki na ngamia wakipita jangwani. Wadogo hufurahi. Wakubwa wetu wa sekondari, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, hukaa ukutani wakitazama, au huambiwa wakapange mikeka na kuteka maji.

Maoni yetu ni kwamba utaratibu huu unafaa ugeuzwe. Karatasi za Idd zichorwe hapa hapa na wanafunzi wetu wa sekondari, kwa rula, bikari na mikono yao, kutokana na vitu vya milima yetu na urithi wa Kiislamu wa pwani yetu. Wakishazichora, wapake za kwao kwa ufundi wa kiwango chao, na nakala wapewe wadogo. Tunaomba msomaji atuvumilie tueleze kwa nini.

IDD NI SIKU YA FURAHA

Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi: siku ya Fitri na siku ya Adh-ha. Vile vile katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo habari ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idd, Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) naye akawatazama mpaka akatosheka. Kwa hiyo furaha ya Idd iliyo ndani ya mipaka ya sheria ni sehemu ya dini, na anayewaandalia vijana furaha ya halali siku hiyo ameshika njia yenye mfano.

Lakini tukitazama ratiba zetu za Idd tunaona furaha imeandaliwa kwa mtoto wa miaka saba. Yupo kijana wa miaka kumi na sita aliyehitimu juzuu kadhaa hapa hapa, anayeweza kusoma ramani na kukokotoa eneo la duara. Yeye ameandaliwa nini? Wazazi mnajua wenyewe. Kijana akiingia sekondari, madrasa huanza kumpwaya kama kanzu ya mtu mwingine. Huja Jumamosi mbili, akakosa ya tatu, baadaye tunamwona siku ya swala ya Idd tu. Zipo sababu nyingi, kama umbali wa shule, mitihani na simu. Sababu mojawapo, kwa maoni yetu, ni kwamba hatumpi kazi inayolingana na akili yake. Mtu hakai mahali ambapo hahitajiki.

URITHI ULIO KARIBU

Wapo wanaodhani kuwa uchoraji na mapambo ni mambo ya kuazima kutoka mbali. La hasha. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kibla kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi walinakili Misahafu kwa mkono na kupamba kurasa zake kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Karibu zaidi na sisi, kilometa 17 hivi kusini mwa mji wa Tanga, yapo magofu ya Tongoni. Hapo pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na baadhi ya nguzo hizo zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Kijana wa Bulwa akiteremka Muheza na kushika barabara ya Tanga anaweza kwenda Tongoni na kurudi siku hiyo hiyo, lakini ni wangapi wamefika?

Hata ndani ya nyumba zetu urithi huo upo. Tazameni kanga ya mama. Ina sehemu tatu zinazojulikana: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Huo ni mpango kamili wa ukurasa. Mwanafunzi akitaka kuchora karatasi ya Idd aanze na pindo lenye umbo linalojirudia, aweke mji wenye pambo kubwa, na chini aandike jina, "Idd Mubarak". Tazameni pia mkeka wa ukindu jinsi mstari wa rangi unavyopanda na kushuka, na kofia iliyoshonwa kwa mkono jinsi matundu yake madogo yanavyopangwa kwa hesabu. Bibi aliyesuka mkeka ule hakuwa na karatasi ya kuigiza. Ruwaza ilikuwa kichwani mwake.

VITU VYA BULWA

Sisi tunaishi katika Usambara Mashariki, milima ambayo wataalamu wa mimea wameijia kutoka mbali. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902, na mwaka 1997 Msitu wa Amani ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Liko ua dogo la rangi ya urujuani ambalo mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya, Baron Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo ua hilo huuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, nao humaarufisha jina la Usambara. Watoto wetu, waliozaliwa penye asili yake, hupaka rangi mawaridi ya kopi.

Kwa hiyo tunapendekeza wakubwa wachore ua hilo. Lina petali tano, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa, na katikati pana manjano. Wachore majani mawili na kichipukizi cha chai, ambayo wazazi wetu wengi wameyachuma katika mashamba ya Bulwa na Kwamkoro kwa miaka mingi. Wachore punje ya iliki yenye pande tatu na gome la mdalasini linalojikunja. Wachore migongo ya milima iliyopangana, ya karibu ikiwa na rangi nzito na ya mbali ikififia katika ukungu. Huo wa milima ni mtihani mzuri wa rangi. Mwanafunzi hutumia kijani kimoja tu na kukipunguza nguvu mara nne au tano mpaka kiwe kama moshi.

NYOTA YA NCHA NANE

Wanafunzi wetu wapenzi, fungueni Msahafu. Katika Misahafu mingi iliyochapwa mtaona pembeni alama ya nyota yenye ncha nane, inayoonyesha robo ya hizbu. Qur'an imegawiwa hizbu 60 na kila hizbu robo nne, kwa hiyo robo zote ni 240. Nyota hiyo hiyo imetandazwa kwenye kuta za misikiti na majumba ya Waislamu kutoka Samarkand hadi Granada. Nayo huchorwa kwa vifaa vilivyomo ndani ya mkebe wa hesabu wa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Piga duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 6. Pitisha kipenyo kimoja, kisha kingine kinachokikata kwa nyuzi 90. Gawa pembe hizo katikati kwa bikari upate vipenyo vingine viwili. Sasa una nukta nane kwenye mzingo wa duara. Unganisha nukta kwa kuruka moja moja, utapata mraba. Fanya hivyo kwa nukta nne zilizobaki, utapata mraba wa pili uliolala juu ya wa kwanza. Hiyo ndiyo nyota. Ukichora nyota hizo nyingi zikigusana ncha, nafasi zinazobaki kati yake nazo huwa maumbo mapya. Kosa la milimeta mbili kwenye nyota ya kwanza litaonekana wazi ukifika ya sita, kwa hiyo kazi hii hufundisha usahihi kuliko maneno ya mwalimu.

Na asiseme mtu kuwa kupaka rangi ni kazi ya kitoto. Mwaka 1852 kijana mmoja, Francis Guthrie, alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza. Akajiuliza kama rangi nne zinatosha kwa ramani yoyote ile, bila ya sehemu mbili zinazopakana kuwa na rangi moja. Swali hilo liliwashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 120, mpaka mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Marekani walipothibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba nne zinatosha. Tunawaachia wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne jaribio hili: chora pambo la nyota lijae ukurasa, kisha lipake kwa rangi chache kadiri unavyoweza kwa sharti la Guthrie. Je, zilihitajika nne, tatu, au mbili tu?

RANGI ZA JIKONI

Tunajua hoja itakayofuata, kwamba rangi ni ghali. Penseli za rangi kweli zina bei, na duka la vifaa vya shule liko mbali. Lakini waandishi wa zamani wa vyuo vyetu walitengeneza wino kwa masizi na wakachonga kalamu za mwanzi. Nasi tunazo rangi jikoni.

Majani ya chai yakichemshwa katika maji kidogo hutoa rangi ya kahawia, na ukirudia kupaka baada ya ya kwanza kukauka huzidi kukolea. Chai hiyo hiyo nzito ikitiwa misumari yenye kutu na matone ya ndimu, ikaachwa siku mbili tatu, hugeuka nyeusi na kufaa kuwa wino. Manjano ya mboga hutoa njano kali, na ikiguswa na maji ya magadi hubadilika kuwa wekundu wa kahawia. Jambo hili mwalimu wa kemia atalieleza kwa furaha katika somo la asidi na besi. Udongo mwekundu wa milima yetu ukichujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na uji mwembamba wa muhogo hupakika vizuri kwenye karatasi ya manila.

Tahadhari ni mbili. Rangi ya manjano hufifia juani, kwa hiyo kazi yenye rangi hiyo itundikwe kivulini. Na wino wa misumari hautoki kwenye nguo, basi asije mtu akafanya kazi hii amevaa kanzu ya Idd.

Liko pia funzo kutoka kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa nchi yetu mwaka 1932 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972. Alianza uchoraji wake mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Yeye alichora wanyama na ndege, nasi hatumfuati katika hilo, lakini hakungoja duka la rangi lifunguliwe mtaani kwake ndipo aanze.

HOJA ZA WANAOSITA

Kwanza wapo wazazi wanaosita kwa sababu ya dini, na tunawaheshimu. Makatazo ya kuchora viumbe vyenye roho yamo katika hadithi sahihi, na wanazuoni wameyaeleza kwa urefu. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akieleza kuwa riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimpa onyo, kisha akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Mlango huo ndio tunaoupitia sisi: nyota, maua, majani, milima na maandishi. Na kwa hakika mzazi anayeogopa picha za viumbe angepaswa kuhofia zaidi hizi kopi za sasa, zenye ngamia, kondoo na watoto wenye macho makubwa, ambazo hakuna aliyezikagua kabla ya kuzigawa.

Hapa tuongeze adabu moja. Karatasi za watoto wadogo huishia sakafuni na jalalani. Kwa hiyo zisiandikwe aya wala jina la Mwenyezi Mungu. Hati hizo ziandikwe na wakubwa wenye udhu kwenye karatasi nzuri, zitundikwe mahali pa heshima na zitunzwe.

Pili, wapo wanaosema kijana wa sekondari ana mitihani, asipotezewe muda. Tunajibu kuwa pembe, duara, ulinganifu na uchanganyaji wa rangi ni mambo anayokutana nayo darasani, na humwingia zaidi mkono ukiyafanya. Tena somo la sanaa limo katika mitihani ya kidato cha nne, ila shule zinazolifundisha ni chache. Mtoto mwenye kipaji cha kuchora anaweza kumaliza shule bila mtu mzima hata mmoja kumwambia kuwa anacho. Madrasa ikimfungulia mlango, pengine yuko atakayekuja kuwa mchora ramani za nyumba, mbunifu wa vitambaa au mchapaji. Mwezi wa Ramadhani una saa za baina ya Alasiri na Magharibi ambazo vijana wengi huziua barabarani. Siku sita za saa moja moja zinatosha kabisa.

Tatu, wapo wanaosema Idd haishikiki, leo iko likizo na kesho iko katikati ya muhula. Ni kweli. Mwaka wetu wa mwezi unapungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, na ndiyo maana mwaka 2000 Idd el Fitri ilipatikana mara mbili, Januari na Desemba, na kwa hesabu za falaki itakuwa hivyo tena mwaka 2033. Hilo linatutaka tuwe na ratiba yetu wenyewe ya madrasa, tusitegemee ya shule.

MAPENDEKEZO YETU

Tunapendekeza, inshaallah, mambo manne. Moja, iundwe kamati ya sanaa ya Idd yenye wanafunzi wa sekondari, wavulana na wasichana, chini ya ustadhi mmoja na ustadha mmoja. Mbili, kila Idd kamati itoe karatasi nne za kupaka rangi kwa wadogo, zilizochorwa hapa, na walimu wazikague kabla hazijatolewa kopi. Tatu, kazi za wakubwa zitundikwe ukumbini siku ya Idd na kila mchoraji asimame karibu na kazi yake awaeleze wazazi alivyoichora. Nne, jalada la jarida hili kuanzia toleo lijalo litokane na mkono wa mwanafunzi wetu.

Wazazi, mchango wenu si mkubwa. Kijana akiomba majani ya chai kidogo na kijiko cha manjano, msimwambie anachezea chakula. Akiomba kuitazama kanga yenu ya sandukuni, mtandazieni, na mumwambie ilinunuliwa lini na jina lake lina maana gani. Bibi anayejua kusuka aje siku moja awaonyeshe vijana namna anavyohesabu ukili. Mtaalamu wa pambo kumshinda hatutampata upesi.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, hatuwaiti tena kuja kupanga mikeka peke yake, ingawa mikeka nayo lazima ipangwe. Tunawaita kwa sababu wapo wadogo zenu arobaini wanaongoja karatasi ya Idd, na tunataka waikute imetoka kwenu. Mtoto akiuliza nani kachora nyota hii, ajibiwe kwa jina la mtu anayemjua, anayepita naye njia moja kwenda madrasa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) aipe baraka mikono ya watoto wetu, azifanye Idd zetu kuwa za ibada na furaha ya halali, na awahifadhi vijana wetu katika nyumba zake. Amin.

Wabillahi Tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.